Mundu Uliokuwa Damuni

Machochwe, alasiri, kabla hujarudi kutoka kuaga

Mwanangu Rhobi,

Kaka yako Chacha hakurogwa. Mundu wa mama yako, ule uliosikia habari zake tangu ukiwa mdogo, haukumfanya lolote. Kilichomuua ni ugonjwa wa damu ambao una jina na maelezo, na katika ukoo wetu wote mimi peke yangu niliyajua maelezo hayo. Nilinyamaza. Mama yako akafukuzwa, nawe ukakua ukiamini kwamba umezaliwa na mchawi. Hilo ndilo nililokuficha. Nimeliandika kwanza ili hata kama nitaishiwa nguvu kabla ya kumaliza, liwe limekwisha kusemwa.

Sitaandika habari za sabuni, blanketi wala nauli. Mama yako mdogo amekueleza hayo yote, tena amekueleza mara nyingi mpaka nimekuona unageuza uso ukicheka. Nimeketi nje kwenye kiti cha kamba, miguu nimeiweka juu ya kigoda kwa sababu imevimba. Mganga wa zahanati anasema moyo umechoka, na anasema kwa sauti ya chini kama mtu anayeogopa kuniamsha. Mimi nimeshika hadubini tangu yeye hajazaliwa. Najua moyo uliochoka ni nini. Sitegemei kukuona ukirudi likizo, mama, na sioni haja ya kujidanganya juu ya hilo.

Kesho unakwenda Mwanza kujifunza kazi ya maabara, kazi niliyoifanya mimi. Katika majuma ya kwanza mtafundishwa kutoboa vidole, na mtatoboana wenyewe kwa wenyewe kwa sababu wagonjwa hawakubali kufundishiwa. Halafu siku moja mwalimu atachora ubaoni seli mbili za damu, moja ya mviringo na nyingine iliyopinda, atataja jina la ugonjwa na kueleza jinsi unavyorithiwa. Wewe ni mwepesi wa kuelewa. Kabla hajafuta ubao utakuwa umeshajua habari zote za nyumba yetu, ukiwa umeketi katikati ya wageni. Nimeona afadhali uzisikie kwangu.

Kuna sababu nyingine. Lori la ushirika litakalokubeba litapita Mugumu, kisha Kenyamonta, kabla ya kwenda Musoma. Madereva husimama Kenyamonta, karibu na ghala la pamba, kupoza injini na kunywa chai. Mama yako anaishi nyuma ya ghala hilo. Mwaka juzi alikuja mpaka kwenye lango la shule yenu, amebeba kibuyu cha maziwa, akaomba uitwe. Uliporudi likizo uliniambia, tena kwa kujivuna, kwamba ulimtazama ukamwacha amesimama, hukumpa hata shikamoo. Nami nikakuuliza kama umekula. Hilo ndilo jibu nililokupa, Rhobi. Nilikuuliza kama umekula.

Sikulazimishi ushuke kwenye lori. Nakueleza niyajuayo, halafu miguu ni yako.

Nilipelekwa shule kwa sababu ya udhaifu wangu. Kaka zangu walikuwa na nguvu za kuchunga, mimi nilikuwa mtoto wa kukohoa, basi baba akaona afadhali wamisionari wanichukue kuliko nikae bure. Shuleni mwalimu wetu alikuwa na hadubini moja ya shaba ambayo kioo chake cha chini ulikielekeza dirishani ili kishike jua. Alibandua ngozi nyembamba ya kitunguu, akaiweka chini ya lenzi, akatuita mmoja mmoja. Nilidhani nitaona kitunguu kikubwa. Niliona vyumba vimepangwa ukuta kwa ukuta, na ndani ya kila chumba doa moja jeusi. Mwalimu akasema hizo ni seli, na doa hilo ni kiini, na kwamba mimi pia nimejengwa hivyo, ng'ombe pia, na bangi inayoota nyuma ya bweni pia. Wenzangu walicheka kwa sababu ya bangi. Mimi sikucheka. Niliona kama nimefunguliwa mlango wa nyumba ambayo nilikuwa nikiishi ndani yake bila kujua.

Furaha ile haijaniisha mpaka leo. Nataka uende nayo. Makosa yangu yasikufanye uone kwamba elimu hii ndiyo iliyoniharibu.

Nilifundishwa kazi Dar es Salaam, nikarudi, nikaajiriwa katika hospitali ya misheni huku kwetu Tarime. Kazi yangu ilikuwa damu, choo na makohozi. Damu ndiyo niliyoipenda. Utaona mwenyewe kwamba seli nyekundu haina kiini. Inapokomaa inakitoa nje, ili nafasi yote iliyobaki ndani iwe ya kubebea protini moja tu, ile inayoshika hewa safi mapafuni na kwenda kuiachia mwilini. Imejinyima kila kitu kwa ajili ya mzigo. Ni laini kiasi kwamba inapenya kwenye mishipa myembamba kuliko yenyewe kwa kujikunja, kisha inatokea upande wa pili ikiwa mviringo tena.

Kaka yako alizaliwa kabla yako. Alipoanza kukaa, mikono na miguu yake ilivimba kama maandazi, akawa analia akiguswa. Ilipita. Ikarudi. Alipokuwa mkubwa wa kuchunga ndama macho yake yalikuwa ya manjano na tumbo limejaa upande wa kushoto, bandama. Asubuhi za baridi, umande ukiwa bado kwenye nyasi, alikuwa akiketi njiani na kusema mifupa inamtafuna. Nilikuwa nikimwambia akimbie na ndama ili apate joto. Leo najua mwili unapokimbia unatengeneza asidi, na palipo na asidi, ile protini inaiachia hewa yake upesi zaidi, na kwa mtoto kama Chacha, seli iliyoachia hewa ndiyo inayopinda. Nilikuwa namwambia akimbilie ugonjwa wake. Lakini hilo sikulijua wakati ule, na sijilaumu kwa nisilolijua. Ninayo ya kutosha katika yale niliyoyajua.

Alipozidiwa nilimpeleka hospitali kwa baiskeli, mama yako akitembea pembeni amekubeba wewe mgongoni. Daktari alikuwa mgeni, mzee, mwenye subira. Alichukua tone la damu ya Chacha, akachanganya na dawa inayonyonya hewa, akafunika kwa kioo chembamba na kuziba kingo kwa vaselini. Baada ya muda akaniita nitazame. Zile seli nilizozipenda zilikuwa zimerefuka na kuchongoka, zimepinda kama vyombo vya kukatia nyasi. Daktari akalitaja jina la ugonjwa kwa Kiingereza, jina lenye neno mundu ndani yake. Nililielewa vizuri kabisa.

Chacha alikufa kabla mvua hazijaisha. Tulimzika nyumbani kule kwetu kwa zamani, kabla hatujahamishiwa hapa kijijini. Baada ya mazishi bibi yako, ambaye jina lake unalo, aliniita jikoni. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa amempenda mtoto yule kuliko alivyonipenda mimi, na alitaka kuambiwa. Wewe umesoma, akasema, hospitali waliona nini?

Kwa Kikurya sikuwa na neno la seli wala la protini. Nilikuwa nimechoka, macho yamenivimba. Nikamwambia kwamba ndani ya damu ya mtoto kulikuwa na mundu.

"Mundu wa nani?" bibi yako akauliza.

Hapo ndipo nilipotakiwa kuketi chini na kuanza upya. Badala yake nilichukua kijiti, nikachora kwenye majivu ya jikoni duara moja, nikasema hii ni damu nzima, halafu nikachora mpindo, nikasema hii ni ya Chacha. Nilidhani nimefundisha. Bibi yako aliutazama ule mpindo kwa muda mrefu, akachukua ungo akaufunika ili kuku wasiufute, akatoka nje.

Unajua kwamba kila mwanamke ana mundu wake wa kukatia nyasi za kuezekea, na huuchomeka kwenye paa juu ya mlango. Miundu ya kwetu huku imefunguka, imepinda kidogo tu. Mama yako alitoka Kenyamonta, na baba yake alikuwa mhunzi. Alikuja na mundu wake aliofuliwa na baba yake, uliojikunja zaidi, karibu nusu duara. Mchoro wangu pale jikoni ulifanana nao kabisa. Nadhani hata mkono wangu uliuchora ule kwa sababu ndio niliouona kila siku juu ya mlango wangu.

Wazee wakaitisha kikao. Wanawake wote wa boma waliambiwa walete miundu yao, wakaipanga chini uani. Aliyeongoza ni Mzee Matiko, unayemfahamu, ndugu yake babu yako. Bibi yako akaleta watu jikoni, wakatazama majivu, wakarudi uani, wakatazama miundu. Haikuchukua muda. Mama yako aliposhikwa na macho ya watu wote alisema, wala hakupandisha sauti, "Huo nakatia nyasi. Kivuli mnachokaa nimekiezeka kwa huo." Mke wa ndugu yangu mmoja akamjibu, na mtoto je, ulimkatia nini? Watu wakaguna.

Ndipo Mzee Matiko akanigeukia. Alinipa heshima, alinisimamisha mbele ya wote.

"Wewe uliyesoma, tuambie. Uliuona mundu kwenye damu ya mtoto, au hukuuona?"

"Niliuona."

"Unafanana na huu?"

"Unafanana."

Majibu yote mawili yalikuwa kweli, na katika maisha yangu sijasema uongo mkubwa kuliko huo. Mama yako alinitazama akisubiri niendelee. Alijua kwamba nina zaidi ya hayo ya kusema. Alikuwa ameishi nami, alinijua ninapokuwa na maneno mdomoni. Sikuendelea. Akaingia ndani, akafunga khanga zake. Wewe ulikuwa umeachishwa ziwa juzi juzi, na kwa desturi yetu mtoto ni wa boma la baba yake. Ulilia mpaka jioni, bibi yako akikubembeleza kwa jina lake mwenyewe.

Utauliza kwa nini. Nimejiuliza kwa miaka na majibu yangu yamebadilika kadiri nilivyozeeka. Nilipokuwa kijana nilisema ni heshima kwa wazee. Baadaye nikasema nilikuwa na majonzi. Yote yalikuwepo. Lakini mtu mwenye majonzi huongea pia, na heshima haikunizuia kubishana na wazee hao hao juu ya choo cha shimo. Nitaifikia sababu yenyewe.

Acha kwanza nikueleze ugonjwa wenyewe, kwa sababu mwalimu wako ataueleza kwa haraka na nataka uwe nao mkononi.

Miaka kadhaa baadaye, wewe ukiwa darasa la pili, niliitwa kwenye semina Dar es Salaam. Mtaalamu mmoja alitueleza habari za protini. Alisema protini ni mnyororo wa viungo vidogo viitwavyo asidi za amino, na kila kiungo kina tabia yake. Vingine vina tabia ya asidi: ndani ya damu vinaachia chembe yao ya haidrojeni na kubaki na chaji hasi. Vingine ni besi, vinaipokea chembe hiyo na kuwa na chaji chanya. Na vingine havina chaji yoyote, vinakimbia maji kama mafuta. Niliyashika maneno haya mara moja kwa sababu ya kibuyu.

Fikiria maziwa unayoyatia kwenye kibuyu asubuhi. Ni meupe na mepesi kwa sababu protini zake zote zina chaji hasi, basi zinasukumana, kila moja inamkataa mwenzake, zinaelea. Maziwa yakianza kuchacha, asidi inaongezeka, zile chembe za haidrojeni zinakwenda kuziba chaji moja baada ya nyingine. Siku chaji inapokwisha hakuna cha kuzitenganisha. Zinashikana. Hayo ndiyo maziwa mgando uliyokunywa leo asubuhi. Hakuna aliyeyaroga. Ni asidi na chaji.

Katika damu ya Chacha, kwenye ule mnyororo mrefu, kiungo kimoja kilikuwa si chake. Mahali palipotakiwa kiungo chenye tabia ya asidi, chenye chaji yake hasi, palikuwa na kingine kisicho na chaji. Kimoja tu. Mapafuni, hewa ikiwepo, hakuna tofauti. Lakini ikiisha hewa, protini hizo zinashikana kama maziwa kwenye kibuyu, zinajipanga kuwa fimbo ndefu, na fimbo zinaisukuma seli kutoka ndani mpaka inapinda. Seli iliyopinda haipenyi kwenye mshipa mwembamba. Inaziba. Hayo ndiyo maumivu aliyosema yanamtafuna mifupa.

Yule mtaalamu alituonyesha namna ya kuipima. Unaweka damu kwenye karatasi iliyoloweshwa maji yenye besi, unapitisha umeme. Protini nzima yenye chaji yake yote inakwenda mbele. Ile iliyopungukiwa inachelewa nyuma. Mtu asiye na ugonjwa ana doa moja mbele. Mgonjwa ana doa moja nyuma. Na wako wengine wenye madoa mawili, nusu na nusu. Hao hawaumwi, wanalima, wanacheza ngoma, wanazeeka. Lakini wawili wa namna hiyo wakioana, mtoto anaweza kuchukua nusu mbaya ya baba na nusu mbaya ya mama. Lazima zitoke pande zote mbili. Mmoja peke yake hawezi kuleta ugonjwa ule hata angetaka.

Tulijitolea kupimwa. Kwenye karatasi yangu kulikuwa na madoa mawili.

Ndipo nilipojua, nikarudi nyumbani, nikaendelea kunyamaza. Bibi yako alikuwa bado hai, na nilijiambia kwamba nikisema nitamuua kwa aibu. Halafu akafa, nikakosa sababu hiyo, nikatafuta nyingine. Tulipohamishwa kuja huku kijijini nilipewa darasa la kisomo cha watu wazima, jioni, kwenye jengo la chama. Mzee Matiko alikuwa mwanafunzi wangu, anashika chaki kwa vidole vyote kama anayekaba nyoka. Siku moja niliwafundisha usafi wa maji, nikagusia minyoo iliyo midogo isiyoonekana kwa macho. Akanyoosha mkono.

"Mwalimu," akasema, akiniita hivyo mimi ambaye kwa ukoo ni mtoto wake, "ule mundu wa Chacha, ulikuwa mkubwa kiasi gani?"

Nilimjibu kwamba ulikuwa mdogo sana, usioonekana. Akatikisa kichwa akasema basi mama yule alikuwa hodari, kuficha mundu mdogo namna hiyo. Wakacheka. Nikawaambia wafungue ukurasa unaofuata. Mwanangu, nimeogopa vitu vingi katika maisha haya, simba wa mbugani wamepita nje ya nyumba hii tukiwa ndani. Sijawahi kuogopa kama nilivyoogopa macho ya mzee yule anayejifunza a, e, i, o, u, aliyeuliza swali la kweli na kukosa jibu.

Utajifunza kwamba damu ina namna ya kujilinda. Ukitia asidi kidogo ndani ya maji matupu, karatasi ya litmasi inageuka rangi papo hapo. Ukitia asidi ile ile ndani ya damu, haibadiliki. Damu ina vitu vinavyoimeza kidogo kidogo, ikija besi vinaimeza pia, na mtu anatembea barabarani hajui kwamba ndani yake kuna kazi hiyo. Nimekuwa hivyo. Kila mwaka nilimeza kidogo na watu waliniona yule yule, mzee mtulivu, mtaalamu wa damu. Lakini vitu hivyo vina mwisho wake. Vikishatumika vyote, tone moja dogo linatosha kubadilisha kila kitu. Kwangu tone lilikuwa siku ile uliyoniambia hukumpa mama yako shikamoo.

Kuhusu damu yako mwenyewe: sijakupima. Nilikuwa na nafasi nyingi, ulipougua malaria nilikutoboa kidole mara nyingi, na kila mara nilitafuta vimelea vya malaria tu, nikafunga macho kwa mengine. Wewe si mgonjwa, hilo tungekwisha kuliona. Labda unayo nusu, labda huna. Utajipima mwenyewe Mwanza, na napenda iwe hivyo, kidole ni chako. Ukiikuta nusu usitetemeke. Yule mtaalamu alitueleza jambo lililonifariji kuliko yote: mtoto mwenye nusu hufa kwa malaria mara chache kuliko mwenzake. Ndiyo maana imeenea kwetu huku kandokando ya ziwa. Inawezekana babu zako walivuka utoto kwa sababu yake. Ni mzigo uliowaokoa watu wengi kabla ya kumuua mmoja. Ukipata mchumba, mpime. Ongea naye kabla ng'ombe wa mahari hawajaanza kuhesabiwa, maana wakishahesabiwa hakuna anayesikia tena habari za damu. Watoto wako wanaweza kuwa wazima kabisa. Hicho ndicho nilichonacho cha kukuachia, kwamba wewe utajua mapema.

Na unaijua kazi yenyewe inaelekea wapi. Wanasema zitakuja dawa. Mimi nilianza kazi wakati mtoto kama Chacha alizikwa bila jina la ugonjwa wake. Wewe utaanza ukiwa na jina. Siku moja utamwita baba na mama wa mtoto kama yeye, wote wawili, uwaweke kwenye benchi moja, na utawaeleza kwa lugha wanayoiota usiku. Tafuta maneno mapya. Usichukue neno la kwanza linalokuja. Ukiona mtu anakuuliza "wa nani", simama, futa, anza upya.

Baada ya mavuno yaliyopita, wakati miguu bado ilinibeba kidogo, nilimwomba kijana wa duka anipakie kwenye baiskeli hadi barabarani, nikapanda lori, nikaenda Kenyamonta. Hukuambiwa. Mama yako mdogo alidhani nimeenda kliniki Mugumu. Wankyo, mama yako, nilimkuta anaanika mihogo. Ameolewa na mwanamume mmoja aliyefiwa na mke, ana watoto wakubwa, wazima wote. Nywele zimekuwa nyeupe kuliko zangu. Sikuwa nimetamka jina lake kwa miaka, na nilipolitamka lilinitoka vibaya. Alinipa kiti, akaendelea kugeuza mihogo.

Nilimwambia yote niliyokuandikia: seli, kibuyu cha maziwa, nusu na nusu. Alisikiliza mpaka mwisho. Halafu akasema, kama mtu anayepima mzigo kwa mkono, "Kwa hiyo nusu ilikuwa yako. Na mimi nimeubeba mzima."

Nikasema ndiyo.

Nilitegemea anifukuze. Aliingia ndani, akatoka na uji wa ulezi, akauweka mbele yangu. Akaniuliza habari zako: kama wewe ni mrefu, kama unacheka kwa sauti kama dada zake, kama ni kweli umechaguliwa kwenda Mwanza. Nilipomwambia ni kweli, na kwamba utashika damu za watu, alicheka mpaka akajifuta macho kwa khanga. "Waambie wa kwenu," akasema, "binti wa mchawi wa damu anakwenda kusomea damu kwa hela ya serikali." Alikuwa na utani huo huo nilioufahamu. Nilikuwa nimesahau kwamba nilimpenda kwa sababu ya utani.

Hataki msamaha wako wala hataki umwite mama mbele ya watu. Anataka kukuona umesimama karibu, aone urefu wako. Ndivyo alivyoniambia. Anajua lori linapita lini. Huko barabarani wanajua magari yote. Atakuwepo ghalani, akiwa na watoto wake au peke yake, hakusema.

Nilipokuwa naondoka alinisindikiza mpaka kwenye barabara. Lori lilikuwa limeshawashwa. Akaniuliza swali moja tu la mwisho, "Ulijua lini?" Nikamjibu kama nilivyokuandikia hapo juu, kwamba nilijua kwenye semina, miaka baada ya yeye kuondoka. Alinitazama kama alivyonitazama uani siku ile, akisubiri niendelee. Akasema sawa. Nikapanda.

Rhobi, kama utashuka kesho, mpelekee jibu jingine, kwa sababu mimi sitafika tena Kenyamonta. Nimekuandikia wewe uongo ule ule niliomwambia yeye, na nimeuacha kwenye kurasa za juu ili uone ulivyo laini, unavyopita bila kukwaruza. Semina haikunifundisha kitu juu ya damu yangu. Daktari yule mzee alipomaliza kunionyesha damu ya Chacha chini ya hadubini, aliniambia ugonjwa huu hautoki upande mmoja, nipime wazazi wote wawili. Niliahirisha mpaka asubuhi ya kikao. Kabla sijapanda baiskeli kurudi nyumbani nilijifungia maabara, nikatoboa kidole changu, nikatia ile dawa, nikaziba kingo za kioo kwa vaselini, nikaketi nikisubiri huku jua likiingia dirishani. Seli zangu zilipinda, moja, halafu nyingine, halafu nyingi. Nilikiosha kioo kwa mikono yangu, nikakifuta kikawa kikavu. Mzee Matiko aliponisimamisha mbele ya watu na kuniuliza kama niliuona mundu, nilikuwa nimetoka kuuona ndani ya damu yangu mwenyewe.

Baba yako